Mjafari, ute wa yai na goti la mama: je, jaribio la chuoni linatosha?

*Shikamoo daktari. Bibi yangu mzaa mama, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa akichemsha magome ya mizizi ya mjafari na kuwapa majirani waliosumbuliwa na magoti na viuno. Mama yangu ana miaka 64, magoti yanamuuma kwa muda mrefu, na ana shinikizo la juu la damu. Anatumia losatani na haidroklorothiazaidi kila siku, na magoti yakizidi anakunywa diklofenaki tunayomnunulia duka la dawa. Hivi karibuni rafiki yangu anayesomea maabara alinisaidia kuipima dawa ya bibi kwa ute wa yai, ikaonekana inazuia mcharuko (uvimbe unaouma) kwa asilimia 81 wakati diklofenaki ilipata 74. Je, huo si ushahidi wa kutosha kumwachisha mama diklofenaki na kumpa mjafari? Na nikitaka kuitengeneza kwa ajili ya kuuza, nifanye vipimo gani? Wapo wanaoniambia kwamba dawa iliyotumiwa na vizazi vingi haina haja ya kupimwa tena.*

Marahaba. Barua yako ina mambo mawili yanayokwenda kwa kasi tofauti. Moja ni la mama yako, na hilo linataka hatua ndani ya wiki hii. Jingine ni la mmea wenyewe, na hilo ni kazi ya miaka. Nitaanza na la mama, ingawa wewe uliliweka pembeni, kwa sababu mchanganyiko wa dawa ulioutaja ndio ulionishtua zaidi kuliko habari ya mjafari.

Losatani, haidroklorothiazaidi na diklofenaki, kila moja peke yake ni dawa ya kawaida. Zikikutana katika mwili mmoja, hasa mwili wa mtu aliyevuka miaka 60, zinaweza kuzielemea figo. Ichukulie figo kama chujio linalohitaji msukumo wa maji ili lifanye kazi. Diklofenaki huubana mshipa unaoingiza damu kwenye chujio, kwa sababu huzuia kemikali ambazo kwa kawaida huuacha mshipa huo wazi. Losatani huulegeza mshipa unaotoa damu, hivyo msukumo uliobaki hupungua. Haidroklorothiazaidi nayo hupunguza kiasi cha maji mwilini. Mgonjwa akiharisha siku mbili, au akifanya kazi juani bila kunywa maji ya kutosha, figo zinaweza kudhoofika ghafla bila maumivu yoyote ya kumtahadharisha. Zaidi ya hayo, diklofenaki yenyewe hupandisha shinikizo la damu na kupunguza nguvu ya dawa anazozitumia kulishusha.

Kwa hiyo nia yako ya kumwachisha diklofenaki ni njema, na ningependa aachane na vidonge hivyo mpaka daktari wake atakapoamua vinginevyo. Asiache dawa za shinikizo. Mpeleke kliniki anakotibiwa, mseme wazi kwamba amekuwa akinywa diklofenaki ya dukani, na muombe apimwe kreatinini (taka inayoonyesha figo zinavyochuja) na potasiamu kwenye damu pamoja na protini kwenye mkojo. Vipimo hivi hufanyika katika hospitali nyingi za wilaya. Kama mjafari ameshaanza kuunywa, litajeni hilo pia. Muuguzi au daktari anayecheka mkisema hivyo amekosea yeye, si ninyi.

Sasa nije kwenye ute wa yai. Jaribio mlilolifanya ni la kweli na linafanyika katika vyuo vingi, kwa kuwa ni rahisi na halihitaji wanyama. Ute wa yai huchanganywa na dawa, mchanganyiko ukapashwa moto hadi karibu nyuzi 70, kisha ukungu unaotokea protini inapoganda hupimwa kwa mashine ya mwanga. Dawa inayopunguza ukungu husemwa kwamba inazuia protini kuharibika. Wazo lililokuwa nyuma yake ni la zamani: watafiti waliona kwamba baadhi ya dawa za baridi yabisi huilinda albumini, protini iliyomo kwenye ute wa yai na kwenye damu, isigande kwa joto, wakadhani huenda hapo ndipo siri ya kazi yake ilipo. Baadaye ilikuja kufahamika kwamba siri iko kwingine kabisa, lakini jaribio likabaki kwenye mitaala.

Udhaifu wake ni mwingi, na mmea kama mjafari unauonyesha vizuri. Maji ya magome huwa na rangi ya kahawia au manjano, na rangi hiyo yenyewe huchezea mwanga unaopimwa. Magome ya miti mingi yana tanini, ambazo hushikamana na protini yoyote zinayokutana nayo, iwe ya yai, ya maziwa au ya ulimi wako, na kubadili namna inavyoganda. Chumvi iliyomo ndani ya dawa na uchachu wake pia huathiri kuganda. Kama rafiki yako hakupima dawa ile ile bila ute wa yai ili aitoe rangi kwenye hesabu, asilimia 81 inaweza kuwa ni rangi tupu. Na hata ile 74 ya diklofenaki haina maana unayoidhani. Katika jaribio hili diklofenaki hutumiwa kwa kiwango cha mamia ya mikrogramu kwa mililita, wakati mtu akimeza kidonge cha miligramu 50, damu yake hupata kiasi kisichozidi sana mikrogramu 2 kwa mililita. Diklofenaki haitulizi goti kwa kulinda albumini. Kumshinda mshindani katika mchezo ambao si wake hakumfanyi mtu kuwa bora kuliko yeye.

Mcharuko, yaani ile hali ya sehemu ya mwili kuvimba, kupata moto, kuwa nyekundu na kuuma, ni kazi inayofanywa na mwili kwa makusudi. Seli zikijeruhiwa, kimeng'enya kimoja hukata mafuta yaliyo kwenye utando wa seli na kuachia asidi iitwayo arakidoniki. Asidi hiyo hushughulikiwa na vimeng'enya vya siklooksijeni, ambavyo hutengeneza prostaglandini, au na lipoksijeni, ambavyo hutengeneza lukotrini. Prostaglandini hutanua mishipa ya damu na kuzifanya neva ziwe nyepesi kusikia maumivu. Wakati huo huo seli za kinga hutoa protini za kuitana, kama ile iitwayo TNF-alfa, na nyingine huanza kutengeneza gesi iitwayo naitriki oksaidi. Aspirini iliuzwa tangu mwaka 1899, lakini ni mwaka 1971 ndipo John Vane alipoonyesha kwamba inafanya kazi kwa kuzuia kutengenezwa kwa prostaglandini, ugunduzi uliompatia sehemu ya Tuzo ya Nobeli mwaka 1982. Diklofenaki hufuata njia hiyo hiyo.

Siklooksijeni ziko za aina mbili kuu. Ya kwanza hufanya kazi kila siku, ikilinda utando wa ndani wa tumbo na kuusaidia mtiririko wa damu kwenye figo. Ya pili huamshwa zaidi mahali penye jeraha, ingawa figo nazo huitumia. Hapa ndipo penye jambo ambalo wauzaji wa dawa za mimea hawapendi kulisikia: kama mjafari ungethibitika kuzuia siklooksijeni kwa nguvu kama diklofenaki, ungekuwa pia na uwezo wa kuchubua tumbo na kuzielemea figo kama diklofenaki. Tumbo na figo hazijui kama kilichozuia kimeng'enya kimetoka kiwandani au porini. Mama yako hangekuwa ameondoka kwenye hatari. Angekuwa amebadilisha chanzo chake tu, tena kwa dawa ambayo kipimo chake hakijulikani. Tumaini la kweli katika mimea ni kupata njia nyingine ya kutuliza mcharuko, iliyo tofauti na hiyo, na ndiyo maana utafiti huu unastahili kufanywa kwa umakini.

Kuhusu vizazi vilivyotangulia, siwadharau. Matumizi ya miaka mingi ni ushahidi, na mara nyingi ndiyo sababu pekee inayotufanya tuchague mmea mmoja kati ya maelfu. Yanatuambia kwamba dawa haiui papo hapo kwa kiwango kilichozoeleka, na kwamba watu waliona nafuu fulani. Ila kuna mambo ambayo macho ya mganga, hata mganga hodari, hayawezi kuyaona. Ugonjwa wa figo unaojitokeza baada ya miaka, au saratani inayokuja baada ya muongo, hakuna atakayeuhusisha na kikombe cha dawa kilichonywewa zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Ubelgiji, zaidi ya wanawake 100 waliokuwa wakitumia mitishamba ya kupunguza unene waliharibikiwa figo, na baadhi yao wakapata saratani ya njia ya mkojo. Ilikuja kubainika kwamba mmea mmoja wa Kichina ulikuwa umekosewa, na mahali pake pakawekwa mwingine wa jamii ya Aristolochia, jamii ambayo imetumiwa kama dawa kwa karne nyingi katika mabara kadhaa. Karne zote hizo hazikuitosha jamii hiyo kujulikana kwa sumu yake. Na kumbuka kwamba majirani wa bibi, kwa sehemu kubwa, hawakuwa wakinywa losatani.

Mfano huo wa Ubelgiji unatupeleka moja kwa moja kwenye hatua ya kwanza ya upimaji, ambayo wanafunzi wengi huiruka: kujua kwa hakika ni mmea gani ulio mkononi. Mjafari ninaoufahamu ni Zanthoxylum chalybeum, wa familia moja na michungwa na milimau. Shina lake lina vinundu vigumu vyenye miiba, na majani yake ukiyafikicha hutoa harufu ya limau. Lakini Afrika Mashariki ina ndugu zake kadhaa wenye vinundu kama hivyo, kama Zanthoxylum holtzianum wa ukanda wa pwani na Zanthoxylum usambarense wa sehemu za milimani, na jina la kienyeji halikupi uhakika wa kuitenganisha miti hiyo, sembuse kipande cha mzizi mkavu ulichonunua sokoni. Kata tawi lenye majani na, ukiweza, maua au matunda. Likaushe kati ya magazeti. Andika mahali, tarehe na jina la aliyekuonyesha. Kisha lipeleke kwenye hifadhi ya mimea, kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ile ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi. Sampuli ibaki huko ikiwa na namba yake. Bila hilo, kila matokeo utakayoyapata baadaye yatakuwa ya mmea usiojulikana.

Hatua inayofuata ni kuandaa dawa kama bibi alivyoiandaa. Jambo hili huonekana dogo, kumbe tafiti nyingi huharibika hapa. Maabara hupenda kutumia methanoli kwa sababu hutoa kemikali nyingi, halafu ripoti ikasema kwamba dawa ya kienyeji imethibitishwa. Hakuna mtu anayekunywa methanoli. Kama bibi alichemsha kwa maji, chemsha kwa maji, kwa muda ule ule, pima uzito wa magome ulioanza nao, kausha maji yake yawe unga, pima tena. Ufanyie unga huo uchunguzi wa kikemia ili upate picha ya viambato vyake, na picha hiyo ndiyo itakayokuambia baadaye kama fungu la pili la dawa linafanana na la kwanza.

Baada ya hapo ndipo unapofika kwenye seli. Kipimo kinachotumiwa sana ni cha seli za kinga za panya ambazo huchokozwa kwa kipande cha ukuta wa bakteria, zikatoa naitriki oksaidi na TNF-alfa, kisha dawa ikaangaliwa kama inazipunguza. Mtego wake mkubwa ni huu: seli iliyokufa haitoi chochote. Dawa ikiziua seli zote, mashine itaonyesha kwamba mcharuko umezuiwa kwa asilimia 100. Kwa mjafari tahadhari hii si ya nadharia tu, kwa sababu jamii ya Zanthoxylum ina alkaloidi, yaani kemikali kali za mimea, kama chelerithrini na nitidini, ambazo katika maabara huzuia ukuaji wa seli za saratani na huzidhuru hata seli za kawaida. Matokeo yoyote ya mjafari yasiyoambatana na kipimo cha uhai wa seli, mimi siyasomi hadi mwisho. Mtego wa pili uko upande wa kinyume: magome yaliyokaa kwenye udongo hubeba mabaki ya bakteria, na mabaki hayo huzichokoza seli yenyewe, hivyo dawa njema ikaonekana kana kwamba inaongeza mcharuko.

Mmea ukivuka hapo, huja wanyama, chini ya kibali cha kamati ya maadili na mikononi mwa watu waliofunzwa. Jaribio la kawaida ni lile lililoelezwa na Winter na wenzake mwaka 1962. Panya hudungwa karajinani kwenye wayo, na uvimbe hupimwa kwa saa kadhaa. Karajinani ni kemikali itokanayo na mwani. Mwani unaolimwa Unguja na Pemba huuzwa nje kwa ajili ya kemikali za jamii hiyo hiyo, kwa matumizi ya viwanda vya chakula na vipodozi. Uvimbe huo una vipindi viwili. Katika saa ya kwanza na ya pili kazi kubwa hufanywa na kemikali za mwili ziitwazo histamini na serotonini, na kuanzia saa ya tatu hivi prostaglandini ndizo hushika usukani. Kwa hiyo saa ambayo dawa yako inafanya kazi inakudokezea njia inayopitia. Panya wengine hupewa maji tu, wengine indometasini (dawa ya jamii moja na diklofenaki) au diklofenaki yenyewe, na anayepima uvimbe hapaswi kujua nani alipewa nini. Dawa ipitishwe mdomoni kama binadamu anavyoinywa. Ukiidunga tumboni na ikawa inawasha, muwasho huo wenyewe unaweza kupunguza uvimbe wa wayo bila dawa kuwa na faida yoyote.

Kisha huja hesabu ya dozi, ambayo nakuomba uifanye kwa kila utafiti utakaousoma. Tuseme dawa imefanya kazi kwa panya wakubwa kwa miligramu 400 kwa kila kilo ya mwili. Kwa kuwa mwili mdogo huzichoma dawa haraka kuliko mkubwa, kiwango cha panya mkubwa hugawanywa kwa 6.2 ili kukadiria cha binadamu, na jibu ni karibu miligramu 65 kwa kilo. Mtu wa kilo 65 atahitaji takriban gramu 4.2 za unga ule mkavu wa dawa. Kama gramu 100 za magome hutoa gramu 8 za unga, basi dozi moja ni zaidi ya gramu 50 za magome makavu ya mizizi. Jiulize kama bibi aliwahi kumpa mtu kiasi hicho kwa kikombe kimoja. Mara nyingi utakuta panya alipewa kiwango ambacho hakuna binadamu angekinywa, na kichwa cha habari kikasema sayansi imethibitisha.

Vipimo vya sumu huenda sambamba na hivyo. Vipo vya dozi moja ambapo mnyama huangaliwa kwa siku 14, vipo vya kila siku kwa siku 28 na vya siku 90, pamoja na uchunguzi wa ini, figo na damu. Kwa dawa ya magoti, ambayo mtu ataitumia miezi na miaka, vile vya dozi moja peke yake havina msaada mkubwa. Ningetaka pia kipimo cha kuona kama dawa inaharibu vinasaba, kwa sababu ya zile alkaloidi nilizozitaja.

Na hata yote yakipita, bado goti la mama yako halijaguswa. Maumivu ya goti ya muda mrefu kwa mtu wa umri wake, mara nyingi, hutokana na kuchakaa kwa kiungo: gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, linapungua, mfupa unabadilika, misuli ya paja inadhoofu, na mcharuko ni sehemu moja tu ya hadithi. Wayo wa panya uliovimba kwa saa tano si goti lililochakaa kwa miaka. Jibu hutoka kwa watu wenyewe, waliogawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakipewa dawa na nusu kitu kinachofanana nayo kwa rangi na uchungu, wakafuatwa kwa wiki 12 au zaidi. Kitu hicho cha kufananisha ni cha lazima hapa kuliko kwenye magonjwa mengine, kwa sababu maumivu ya magoti hupanda na kushuka yenyewe, na watu wengi hupata nafuu ya kweli kwa kuamini tu kwamba wametibiwa. Watu hutafuta dawa maumivu yanapofika kileleni. Siku chache baadaye yangeshuka hata bila kikombe. Sifa za bibi zinaweza kuwa zilitokana na mmea, na zinaweza kuwa zilitokana na hilo.

Kwa kazi hiyo usijifungie na rafiki yako chuoni. Tanzania ina Taasisi ya Tiba Asili ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1974, na ina Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Jirani zetu wa Kenya wana KEMRI, taasisi yao ya taifa ya utafiti wa tiba. Kuuza ni habari nyingine: Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga na dawa zao, na sampuli hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kupimwa. Kabla ya kumkabidhi mtafiti yeyote maarifa ya bibi, andikeni makubaliano yanayotaja familia yenu. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, ambayo ni mkataba wa kimataifa, iliwekwa kwa ajili ya mambo kama haya, ya kugawana faida na wenye maarifa.

Wakati huo utakuwa umeshaona washindani sokoni wenye dawa za asili za viungo zinazoondoa maumivu ndani ya saa moja. Kasi hiyo ikutie shaka. Sehemu nyingi duniani maabara zimekuta ndani ya dawa za namna hiyo deksamethasoni, prednisoloni au diklofenaki iliyosagwa. Mtumiaji wa hizo mbili za kwanza, ambazo ni steroidi, huvimba uso, sukari na shinikizo hupanda, mifupa huwa dhaifu, na akiacha ghafla baada ya miezi mwili unaweza kuishiwa nguvu kiasi cha kuhatarisha maisha, kwa kuwa tezi zake zilishaacha kutengeneza homoni inayohitajika. Kama mama ameshatumia dawa ya aina hiyo kwa muda mrefu, asiikatishe bila daktari kujua.

Basi mama afanye nini leo? Jambo lenye ushahidi bora kwa goti lililochakaa ni mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, na halina gharama. Akae kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja mpaka goti liwe sawa, ahesabu hadi tano, aushushe polepole, arudie mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Wiki mbili za kwanza ataona kama unamtania. Wengi huanza kusikia tofauti baada ya wiki sita au nane. Kama ana uzito uliozidi, hata kilo chache zikipungua goti hupumua. Fimbo ishikwe mkono ulio upande wa pili wa goti linalouma zaidi. Jeli ya diklofenaki ya kupaka huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana kuliko kidonge, kwa hiyo ni nafuu kwa figo, lakini kwa hali yake aulizie kwanza kliniki. Parasetamoli ni salama zaidi kwa figo, ingawa nguvu yake kwenye magoti ni ndogo. Mjafari nisingempa kwa sasa, akiwa na dawa hizo mbili na figo ambazo hazijapimwa. Vipimo vikiwa vizuri na bado anautaka, hilo ni la kuzungumza na daktari wake ana kwa ana, kwa kipimo kidogo na kwa kurudia vipimo vya damu.

Msingoje miadi endapo goti moja litavimba ghafla, liwe jekundu na la moto, hasa akiwa na homa, kwa sababu usaha kwenye kiungo hukiharibu ndani ya siku chache. Vivyo hivyo akipata choo cheusi kama lami, akitapika damu, mkojo ukipungua, miguu au uso ukivimba, au akikosa pumzi. Kama viungo vyake hukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, na vidole vya mikono navyo vinavimba, mwambieni daktari, kwani huenda ni baridi yabisi ya kinga ya mwili, ambayo ina dawa zake maalumu na haifai kucheleweshwa.

Jambo la mwisho linahusu mti. Kila anayechimba magome ya mizizi huuhatarisha mti mzima, na biashara ikikua, mjafari wa maeneo yenu hautadumu. Mti wa dawa uitwao Prunus africana, ambao gome lake huuzwa Ulaya kwa ajili ya tezi dume, ulibidi uwekwe kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ya mimea inayodhibitiwa biashara yake mwaka 1995 kwa sababu ya kuchunwa ovyo. Kwa hiyo katika utafiti wako weka tangu mwanzo mafungu matatu ya sampuli, yaani mizizi, gome la shina na majani, yaliyochemshwa kwa namna moja, na uyapime kwa pamoja. Majani yakionekana kukaribia mizizi, fuata majani, na uanze kitalu cha miche kabla hujafikiria chupa na lebo.